Niepoort na Mitungi Yake Myeusi

Kwa miaka 145 kampuni ya Niepoort iliuza mvinyo wa Port bila kumiliki hata shina moja la mzabibu. Mholanzi Franciscus Marius van der Niepoort aliifungua mwaka 1842. Shamba la kwanza lilinunuliwa mwaka 1987, kizazi cha tano cha ukoo huo kilipokuwa kinaingia kazini. Katika muda huo mdudu wa filoksera aliikausha mizabibu ya bonde la Douro, ufalme wa Ureno ukaanguka, vita viwili vya dunia vikapiganwa, udikteta wa Salazar ukaja na kuondoka. Kampuni ilidumu kwa mtaji wa vitu vitatu: ghala lenye mapipa, ndimi za watu wachache waliojua kuonja, na moyo wa kuacha kitu kilale hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi.

Kampuni nyingi za Port zinazotajwa duniani ni kubwa kuliko hii mara kadhaa, na nyingi zina majina ya Kiingereza: Taylor's, Graham's, Cockburn's. Niepoort ni ndogo, na kwa miongo mingi jina lake halikuvuma nje ya wapenzi wake wachache, wengi wao Waholanzi, Wajerumani na Wareno wenyewe. Hao wapenzi ndio wanaonivutia. Mapenzi yao hayakuletwa na matangazo ya biashara. Yaliletwa na chupa zilizofunguliwa, zikajadiliwa usiku kucha, na waliozionja wakatawanyika bila kukubaliana. Msomaji asiyetia kileo kinywani hana haja ya kugeuza ukurasa, kwani habari hii ni ya kungoja kuliko ya kunywa.

Ili kuelewa ilikuwaje mtu auze mvinyo bila shamba, lazima kuitazama ramani. Mto Douro unatoka Uhispania na kukata Ureno ya kaskazini kuelekea bahari ya Atlantiki. Zabibu za Port hulimwa bara, katika miteremko mikali ya mwamba wa shisti iliyochongwa matuta kwa mikono, mahali ambapo kiangazi joto hupanda hadi nyuzi 40 na ushei. Mvinyo uliohifadhiwa katika joto hilo huzeeka upesi na kwa vurugu. Kwa hiyo baada ya majira ya baridi mapipa yalishushwa mtoni kwa mashua bapa ziitwazo rabelo mpaka Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mji wa Porto, palipo na upepo wa bahari, ukungu na maghala yenye kuta nene. Juu mlimani alikaa mkulima, na huku chini alikaa msafirishaji aliyenunua, akachanganya, akangoja, akauza nje.

Mgawanyo huo ulianza kama desturi, ukaja kuwa sheria. Tangu mwaka 1926 mvinyo wote wa Port wa kupelekwa nje ulilazimika kupitia maghala ya Gaia, na hali hiyo haikulegezwa mpaka 1986. Mkulima mdogo aliyekuwa na mvinyo mzuri kuliko wa tajiri yeyote hakuweza kuupeleka London au Amsterdam kwa jina lake mwenyewe. Niepoort ilikuwa upande ulionufaika na sheria hiyo, na sioni sababu ya kulimumunya hilo kwa kuwa tu tunaandika kumbukumbu. Wasafirishaji nao walikuwa na kifungo chao: kwa mwaka mmoja hawakuruhusiwa kuuza zaidi ya theluthi moja ya akiba waliyokuwa nayo. Serikali ilimlazimisha mfanyabiashara kuwa na subira, atake asitake. Wengi walitii kwa kiwango kilichotakiwa, basi. Niepoort ilipitiliza.

Namna ya kuutengeneza Port yenyewe haina siri kubwa. Zabibu zikishapondwa, hamira huanza kuila sukari na kuigeuza kileo. Siku ya pili au ya tatu, utamu ukiwa bado mwingi, humiminwa spiriti ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Hamira hufa papo hapo, uchachu hukoma, sukari iliyobaki hubaki. Kwa hesabu ya jadi, lita 435 za mvinyo na lita 115 za spiriti hujaza pipa moja la Douro, lita 550. Mtu akionja mchanganyiko huo ukiwa mchanga husikia vitu viwili vinavyogombana, utamu wa zabibu upande mmoja na moto wa spiriti upande wa pili. Miaka ndiyo inayovipatanisha.

Upatanisho huo una njia mbili kuu. Mvinyo ukikaa kwenye mbao, hewa hupenya kidogo kidogo. Wekundu hufifia ukawa wa kahawia yenye dhahabu, na ladha ya matunda hupisha ladha ya jozi, ganda la chungwa lililokaushwa na sukari iliyoungua. Hiyo ndiyo Tawny, na ikiwa ni ya mavuno ya mwaka mmoja tu na imekaa kwenye pipa miaka isiyopungua 7, huitwa Colheita. Ukiwekwa kwenye chupa mapema, baada ya miaka 2 hadi 3, hewa inakuwa imefungiwa nje. Mvinyo hubaki mweusi, mkali, umejaa nguvu, na hulainika polepole huku ukiacha mashapo mazito chini. Hiyo ni Vintage, kipenzi cha Waingereza. Niepoort ilizitengeneza zote, ila sifa yake ya kwanza ilitokana na mapipa, na mapipa yanahitaji mtu wa kuyasikiliza.

Mtu huyo, kizazi baada ya kizazi, alitoka katika ukoo wa Nogueira. Baba alimrithisha mwana kazi ya kuchanganya, sambamba na baba wa Niepoort kumrithisha mwana kampuni. Historia nyingi za kampuni za namna hii huandikwa kwa majina ya wenye mali peke yao, na ni kosa. Mwenye mali aliamua nini kinunuliwe na nini kiuzwe. Nogueira ndiye aliyejua pipa gani katika safu ya nyuma limeanza kukauka, lipi limebaki na ukali unaofaa kuuamsha mvinyo uliolala, lipi liguswe mwaka huu na lipi liachwe. Tawny inayoandikwa miaka 20 si mvinyo wa umri huo hasa. Ni mchanganyiko wa mapipa machanga na makongwe uliopangwa uwe na tabia ya miaka 20, na mwaka ujao lazima ufanane na wa mwaka huu ijapokuwa mapipa yenyewe yamebadilika. Mezani hupangwa vichupa vya sampuli, kila kimoja na namba ya pipa lake. Mchanganyaji hunusa, huonja, hutema, hurudi kwenye kile cha tatu, huongeza tone la kile cha tisa. Kazi hiyo haiandikiki katika kitabu cha maelekezo, ndiyo maana ilikaa ndani ya ukoo mmoja.

Sasa mitungi. Kuna aina ya Port iitwayo Garrafeira, na kwa miaka mingi Niepoort ndiyo pekee iliyoipeleka sokoni. Mvinyo wa mavuno bora ya mwaka mmoja hukaa kwenye mbao miaka michache, kwa kawaida 3 hadi 6, kisha huhamishiwa katika mitungi ya kioo cheusi yenye tumbo pana na shingo fupi, kila mmoja ukibeba lita 8 hadi 11. Wafanyakazi waliipachika jina la utani, bonbon. Kanuni inataka mvinyo ukae humo miaka 8 kwa uchache. Niepoort imekuwa ikiuacha miongo. Halafu siku ikifika, mtungi hufunguliwa, mvinyo humiminwa kwa uangalifu ili mashapo yabaki chini, na hutiwa kwenye chupa za kawaida. Kibandiko cha chupa husema mwaka wa mavuno, mwaka wa kuingia mtungini na mwaka wa kutoka, na miaka hiyo mitatu ndiyo kitu cha kwanza ambacho mpenzi wa Garrafeira hukitafuta kabla hata ya kuuliza bei.

Kwa nini mtu ajitaabishe hivyo? Kwa sababu kioo hakipumui kama mbao, na mtungi wa lita 10 hauzeeki kama chupa ndogo. Mvinyo ulioonja hewa kidogo katika ujana wake, kisha ukafungiwa na wenzake wengi katika chombo kikubwa, hutoka una uzee wa pipa na uhai wa chupa kwa pamoja. Wapo wanaosema kwamba kwenye Garrafeira husikia kwa mbali ladha ya nyama ya nguruwe iliyofukizwa moshi. Inaelezwa kwamba mafuta fulani ya mvinyo hujitenga na kutanda kama utando juu ya kioo wakati wa usingizi huo mrefu. Wengine wameonja mara nyingi na hawajaisikia hata siku moja, na kwenye meza za wapenzi ubishi huo huwa mkali kuliko wa siasa. Naegemea upande wa wanaoisikia, ila nakiri kwamba mtu akishaambiwa aitafute nyama, ataipata tu.

Mavuno ya 1931 yanaonyesha faida ya mitungi kuliko maelezo yoyote. Zabibu za mwaka huo zilikuwa nzuri mno. Lakini dunia ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi, na wanunuzi wa Uingereza bado walikuwa na shehena ya mvinyo wa 1927 ambao haujanyweka. Kampuni nyingi ziliamua kutotangaza Vintage kabisa. Niepoort iliipeleka sehemu ya mvinyo wake wa 1931 mitungini, ambako bei ya siku ile haikuwa na maana. Chupa zilizotoka humo baadaye ni miongoni mwa vitu ambavyo wapenzi wa Port huvizungumzia kwa sauti ya chini. Baada ya 1931 ilifuata miaka mingine, miongoni mwake 1933, 1938, 1940, 1948 na 1952, mwaka mmoja mmoja, pale tu ukoo ulipoona unafaa.

Na kwa kuwa kila mtungi ni ulimwengu wake, chupa mbili za Garrafeira ya mwaka mmoja zaweza kutofautiana. Mfanyabiashara wa kawaida angeona hiyo ni dosari. Washabiki wanaona ndiyo raha yenyewe, kwani hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kwamba ameonja ile ya 1952 akawa amemaliza mazungumzo.

Colheita nazo zina ubishi wao. Pipa la Colheita ya 1976, kwa mfano, halimalizwi kwa siku moja. Kiasi fulani hutiwa chupani mwaka huu, kingine baada ya miaka 10, kingine baadaye tena. Wote ni mvinyo wa 1976, lakini uliobaki kwenye mbao umezidi kukolea, kwa kuwa takriban asilimia 2 hivi ya kilichomo pipani hupotea hewani kila mwaka na kinachosalia huwa kizito zaidi. Hivyo mwaka wa mavuno peke yake ni nusu ya habari. Watu waliozoea hugeuza chupa kwanza kuangalia ilijazwa lini. Jioni ninazoziona zina maana kuliko karamu yoyote ni zile ambapo watu sita au saba huchanga fedha, wakaweka mezani chupa tatu za Colheita moja zilizojazwa katika miaka tofauti, wakaonja kwa zamu kutoka changa kwenda kongwe. Ya kwanza huwa na tini na zabibu kavu. Ya pili imeingia jozi. Ya tatu mara nyingi ina ukali kama wa ndimu unaoukata utamu katikati, na hapo meza hugawanyika. Wapo wanaodai kwamba iliachwa pipani zaidi ya ilivyostahili, wapo wanaoshikilia kwamba hiyo ndiyo pekee iliyoiva.

Vintage haigawanyi watu kwa ladha tu. Inawagawanya kwa saa. Chupa husimamishwa siku moja au mbili kabla ili mashapo yashuke. Kizibo cha miaka 40 hukatika kikivutwa hovyo, kwa hiyo wengine hupasha moto koleo maalumu la chuma mpaka liwe jekundu, wakaishika nalo shingo ya chupa, kisha wakapitisha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Shingo hukatika kwa mkato safi, kizibo kikiwa bado ndani. Kinachofuata ni kumimina polepole, bila kusita, mshumaa ukiwa nyuma ya bega la chupa. Mvinyo hupita mbele ya mwanga ukiwa angavu, mpaka ghafla uzi mweusi unaanza kutambaa kuelekea mdomoni. Mkono hukoma hapo. Kilichobaki chini, kama vidole viwili vya tope la zambarau, hakiendi mezani. Ukimya unaokuwepo chumbani wakati wa kumimina ni wa watu wanaojua kwamba haiwezekani kurudia.

Niepoort haikuwa mtumwa wa kalenda ya wenzake katika Vintage. Mwaka 1987 kampuni nyingi zilipita bila kutangaza, yenyewe ilitangaza. Mwaka 2005 ilifanya hivyo tena, na chupa za mwaka huo zimepata heshima kubwa. Tofauti hiyo ya 1987 haikuja bure, kwani ndio mwaka Dirk van der Niepoort alipoingia kazini chini ya baba yake, Rolf. Dirk alikuwa amesoma uchumi Uswisi na kufanya kazi California, akarudi na fikra ambazo hazikuwa za msafirishaji wa Gaia hata kidogo. Alitaka ardhi. Kampuni ikanunua Quinta de Nápoles, katika bonde la mto Tedo, na baada yake Quinta do Carril. Kwa mara ya kwanza mtu wa ukoo huo akasimama kwenye mizabibu mikongwe akajua ni yake, mizabibu ya aina nyingi iliyopandwa mchanganyiko kwenye tuta moja, kama wazee wa Douro walivyozoea.

Alichofanya na ardhi hiyo kiliwaudhi baadhi ya wapenzi wa zamani. Alianza kutengeneza mvinyo wa mezani, usiotiwa spiriti, katika bonde ambalo zabibu zake bora zilikuwa zimewekwa wakfu kwa Port. Jaribio la kwanza, Robustus ya 1990, halikufika sokoni. Redoma ya 1991 ilifika, na baada yake Batuta na Charme. Kuanzia 2003 aliungana na Quinta do Crasto, Quinta do Vallado, Quinta do Vale Meão na Quinta Vale Dona Maria kuutangaza mvinyo huo mpya duniani kwa jina la Douro Boys. Kisha kwa soko la Ujerumani akatoa mvinyo wa bei nafuu uitwao Fabelhaft, kibandiko chake kimechorwa Huckebein, kunguru mlevi wa mchoraji wa karne ya 19 Wilhelm Busch, ambaye hadithi yake inaishia vibaya kwa sababu hiyohiyo ya ulevi. Kumweka kunguru huyo kwenye chupa ya mvinyo ni mzaha ambao kampuni kubwa isingethubutu. Waliolalamika kwamba Dirk ameuacha Port walikuwa na haraka. Fedha na sifa za mvinyo wa mezani ndizo zilizomwezesha kuyaacha mapipa ya Gaia yaendelee kulala.

Na Port aliurudisha nyuma badala ya kuupeleka mbele. Katika ghala la Vale de Mendiz, kwenye bonde la Pinhão, zabibu za Vintage hukanyagwa kwa miguu ndani ya birika za granaiti, pamoja na vikonyo vyake, wakati wengine wengi wamehamia mashine. Ukanyagaji wa Douro una adabu yake. Saa za mwanzo watu hujipanga mistari, mabega yamegusana, mikono imewekwa juu ya mabega ya jirani, na mmoja huhesabu hatua, kushoto, kulia. Rojo ni baridi, limefika mapajani, na kila hatua huvutwa kwa nguvu. Hakuna kucheza. Baada ya hapo mistari huvunjwa na muziki huruhusiwa. Mguu wa mtu huponda ganda la zabibu bila kuivunja mbegu, kwa hiyo rangi hutoka na uchungu hubaki ndani. Ila tusiupambe kupita kiasi: wanaokanyaga usiku ni walewale waliochuma mchana kutwa kwenye miteremko hiyo, na vijana wa bonde wamekuwa wakihamia mijini na Ufaransa kwa miongo mingi.

Katika kuadhimisha miaka 170 kampuni ilitoa VV, Tawny kongwe sana ambayo kiini chake ni mvinyo wa 1863, kwa chupa 999 tu. Mvinyo wa 1863 wenyewe ulitiwa katika vyombo vitano vya kioo vya kampuni ya Lalique, kimoja kwa kila kizazi, na kimoja kiliuzwa kwenye mnada wa Hong Kong mwaka 2018 kwa dola za Hong Kong 992,000, bei ambayo chupa ya Port haikuwahi kufikia. Magazeti yaliandika habari hiyo kuliko yalivyowahi kuandika chochote juu ya Niepoort. Kwangu ndiyo sehemu isiyo na ladha katika historia hii yote. Aliyenunua kioo kile hakuhitaji kujua Nogueira ni nani, na mvinyo ule huenda usinywewe kamwe. Ajabu ya 1863 ni kwamba vizazi vinne mfululizo vilipita mbele ya mvinyo huo, katika miaka ya neema na ya dhiki, na hakuna aliyeumaliza.

Kizazi cha sita kimeshaingia. Daniel, mwana wa Dirk, alianzia Mosel nchini Ujerumani akitengeneza Riesling, mvinyo mweupe mwepesi ulio mbali na Port kama inavyowezekana, kabla ya kushika kazi Douro. Wapenzi wa zamani wameanza kunung'unika tena, kama walivyonung'unika kuhusu baba yake. Wakati huohuo wananunua Vintage ya 2017, wengine kwa ajili ya watoto waliozaliwa mwaka huo, na wanabishana kama inafaa kufunguliwa sasa ikiwa bado na moto wa ujana, au ifichwe mpaka mtoto afike miaka 21.